Kura Inayohesabiwa Mbele ya Macho Yao: Niliyojifunza kwa Kufundisha Uchaguzi Shuleni

Nimefundisha somo la Historia na Serikali katika shule za upili za kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na katika muda wote huo sijapata kumwona mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeshindwa kuandika umuhimu wa uchaguzi. Ukimwuliza, atakupa hoja tano bila kusita: wananchi hupata nafasi ya kuwachagua viongozi wanaowataka, viongozi wabaya huondolewa kwa amani, serikali hupata uhalali, sera za vyama hupimwa, na raia hutimiza wajibu wake. Hoja zote ni sahihi, na katika mtihani zote hupewa alama. Hata hivyo, vijana hao hao wakishamaliza kidato cha nne na kupata vitambulisho, wengi wao hawaendi kujiandikisha. Mwishoni mwa mwaka 2021, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliendesha zoezi la takriban mwezi mzima la kuandikisha wapiga kura wapya, ikitarajia kupata zaidi ya milioni nne, lakini ikaambulia kama milioni moja na nusu tu. Uchaguzi wenyewe ulipofika Agosti 2022, jirani zetu wa Mombasa waliojitokeza kupiga kura walikuwa chini ya nusu ya walioandikishwa.

Maelezo yanayotolewa mara kwa mara ni kwamba vijana hawajui thamani ya kura, na kwa hiyo dawa yake ni kuwahamasisha. Mimi nimekuja kuamini jambo jingine. Vijana niliowafundisha walijua vizuri sana kura ni nini. Walichokosa ni kuiona kura ikifanya kazi. Kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye leo anaendesha bodaboda upande wa Ukunda, aliniambia waziwazi, tena kwa heshima: "Mwalimu, mimi nikipiga nisipige, wao wameshapanga." Niliposikia hivyo sikuweza kumjibu kwa kumrudishia zile hoja tano, kwa sababu nilijua mahali alipolipata somo lake. Alilipata shuleni.

Shule hiyo, ambayo sitaitaja, ilikuwa na desturi ya kuwaacha wanafunzi wapige kura za kuwachagua viranja kila mwaka. Siku ya uchaguzi, kila darasa lilipewa vipande vya karatasi vilivyokatwa kutoka madaftari ya zamani, wanafunzi wakaandika majina, mwalimu wa darasa akavikusanya ndani ya bahasha, na bahasha zote zikapelekwa ofisini. Baada ya hapo hapakuwa na mwanafunzi aliyejua kilichoendelea. Juma lililofuata, majina yalisomwa gwarideni, na miongoni mwake yalikuwamo ya watu ambao hata mabweni yao wenyewe hayakuwapigia kura. Walimu walikuwa wameketi katika kikao chao, wakayapitia majina, wakaondoa wale walioonekana kuwa na midomo mirefu, na kuweka waliotulia. Sidai kwamba nia ilikuwa mbaya. Mwalimu anayelala shuleni na kuamshwa usiku wa manane kwa sababu bweni moja limegoma ana haki ya kutaka kiranja anayemwamini. Lakini kama uamuzi ulikuwa wa walimu, ingekuwa heri walimu wateue wenyewe bila kuwahusisha wanafunzi, kwa kuwa kumwomba mtu maoni yake na kisha kuyatupa ni kumfundisha kwamba maoni yake hayana uzito.

Matunda ya somo hilo tuliyaona mwaka uliofuata. Bahasha zilipofunguliwa, karatasi nyingi zilikuwa tupu, nyingine zilikuwa na majina ya wachezaji wa kandanda wa Uingereza, na mabweni mawili mazima yalikuwa yameandika jina la mlinzi wa lango. Walimu wengine walichukulia hayo kuwa utovu wa nidhamu na kutaka wahusika wasakwe kwa mwandiko wao. Mimi niliyaona kuwa ni jibu la busara kabisa kwa swali lililoulizwa bila dhati. Watoto walikuwa wamesusia uchaguzi, kama watu wazima wanavyoususia wanapoamini kwamba matokeo yameshaandikwa.

Nilipohamia shule nyingine ya kaunti hiyo hiyo, nilimkuta naibu wa mwalimu mkuu aliyekuwa tayari kufanya mambo kwa njia tofauti, na sheria ilikuwa upande wetu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inalitambua baraza la wanafunzi, na inampa mwakilishi wa baraza hilo nafasi ya kuhudhuria bodi ya usimamizi wa shule. Hilo si jambo dogo. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka 16 anaweza kuketi meza moja na wazazi, wafadhili na wawakilishi wa kaunti, akasema kwamba maji ya kisima yana chumvi na matangi hayatoshi. Tukakubaliana kwamba, kwa kuwa kazi ya baraza ni kazi ya kweli, uchaguzi wake nao utakuwa wa kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuandika kanuni kabla ya mtu yeyote kutangaza nia ya kugombea. Walimu walikuwa na masharti yao kuhusu nidhamu na mahudhurio, nami sikuyapinga, mradi yawekwe kwenye ubao wa matangazo mapema na yamhusu kila mtu sawasawa. Asiyetimiza masharti angezuiwa kabla ya kampeni, kwa sababu inayosemwa wazi, na angekuwa na haki ya kukata rufaa mbele ya kamati yenye walimu na wanafunzi. Baada ya kura kupigwa, hakuna mwalimu ambaye angegusa matokeo. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichozua mjadala mkali zaidi katika chumba cha walimu, na nakumbuka mwenzangu mmoja aliuliza kwa uchungu tutafanya nini iwapo atashinda mkorofi. Naibu akamjibu kwamba mkorofi aliyechaguliwa na wenzake atakuwa na jambo la kuwajibu wenzake, na kwamba sisi hatukuajiriwa ili tuwaogope watoto.

Kuhusu vifaa, hatukuwa na fedha za kununua chochote. Masanduku ya kura yalikuwa ndoo za plastiki zilizong'aa, zile za mafuta ya kupikia ambazo jikoni huwa nyingi. Tulizitoboa mwanya kwenye kifuniko kwa kisu kilichopashwa moto, kisha mfuniko ukafungwa kwa waya na kubandikwa karatasi yenye sahihi za mawakala wote. Kibanda cha kupigia kura kilikuwa maboksi ya biskuti yaliyosimamishwa juu ya dawati, marefu kiasi cha kufunika mkono na karatasi. Wino tuliutoa kwenye kibweta cha muhuri cha ofisi, na hakika haukuwa ule usiofutika, kwa maana wasichana wa bweni moja waligundua kwamba ukisuguliwa kwa ndimu unatoka. Kwa hiyo tuliutegemea zaidi mstari uliopigwa juu ya jina kwenye sajili ya darasa. Karatasi ya kura ilikuwa na majina na picha, kwa safu zilizopangwa kwa alfabeti. Wasimamizi wa vituo, makarani na mawakala wote walikuwa wanafunzi. Walimu tulikuwa watazamaji, na kila mtazamaji alivaa kitambulisho alichoandikiwa na kamati ya wanafunzi.

Kabla ya kufungua kituo, msimamizi aliinua ndoo juu ya kichwa chake na kuizungusha ili kila aliyesimama kwenye foleni aone kwamba haina kitu ndani. Nilikuwa nimewaeleza kwamba hivyo ndivyo inavyofanyika katika vituo vya kweli alfajiri ya siku ya kura, nao walilifanya kwa uzito ambao sikuutarajia. Tangu wakati huo nimetambua kwamba mambo madogo ya namna hiyo, ambayo kitabu cha kiada huyapitia kwa sentensi moja au hakiyataji kabisa, ndiyo yanayomwingia mwanafunzi moyoni. Ndoo tupu iliyoonyeshwa watu humweleza maana ya uwazi kuliko fasili yoyote niliyowahi kumwandikia ubaoni.

Kura zilihesabiwa bwaloni, jioni hiyo hiyo, mbele ya shule nzima. Msimamizi alifungua ndoo, akachukua karatasi moja baada ya nyingine, akaikunjua, akaisoma kwa sauti, akaionyesha kwa mawakala na kisha kwa umati, huku karani akipiga vijiti ubaoni kwa mafungu ya tano tano. Kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko mtu anavyofikiri, na chakula cha jioni kilichelewa, lakini hakuna aliyeondoka. Ulipofika wakati wa karatasi zenye utata, bwalo lilinyamaza. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameweka alama katikati ya majina mawili. Mwingine alikuwa ameweka alama sahihi kabisa, kisha akaandika chini yake jina lake mwenyewe, pengine kwa kutaka mgombea wake amjue. Wakala wa mgombea aliyetiliwa alama alidai kura hiyo ihesabiwe kwa kuwa nia ya mpiga kura iko wazi. Wakala wa upande wa pili alidai ikataliwe kwa kuwa imeondoa siri ya kura. Walibishana kwa adabu, wakifungua kanuni tulizobandika ukutani, na mwishowe msimamizi akaikataa, akaiweka kando na kuandika sababu. Sikuhitaji kusema neno.

Katika kipindi kilichofuata darasani, niliwapa mfano wa mwaka 2013. Katiba ya 2010 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa katika nchi nzima, pamoja na angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua nusu ya kaunti 47. Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa asilimia 50.07, yaani alivuka nusu kwa kura zipatazo elfu nane, ilhali kura zilizokataliwa katika uchaguzi huo zilizidi laki moja. Mmoja wa makarani wetu, msichana mpole ambaye kwa kawaida haongei darasani, aliuliza kama kila moja ya hizo laki moja ilikuwa na mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri. Nikamwambia ndiyo. Nadhani kuanzia siku ile wanafunzi wangu walielewa kwamba kujua kuweka alama vizuri ni sehemu ya kupiga kura, na waliporudi nyumbani likizoni baadhi yao waliwafundisha bibi na babu zao kwa kutumia karatasi walizozichora wenyewe.

Historia ya kura katika nchi yetu ni tajiri kwa mifano, na mwalimu anayeifundisha kwa kukaririsha tarehe peke yake anajinyima hazina. Mfano ninaoupenda kupita yote ni wa Machi 1957, Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Miongoni mwa wanane hao alikuwamo mwalimu wa hapa pwani, Ronald Ngala. Si kila Mwafrika aliyepiga kura, kwa maana kura ilitegemea sifa kama elimu, mapato, mali na utumishi, na kadiri mtu alivyokuwa na sifa nyingi ndivyo alivyopewa kura nyingi, hadi kura tatu kwa mtu mmoja. Wanafunzi walisoma hayo na kuyasahau kila mwaka, mpaka nilipoamua kuyatenda. Tulikuwa na jambo dogo la kuamua, kama Ijumaa alasiri darasa letu lingecheza kandanda au voliboli. Nikatangaza kwamba tutafuata utaratibu wa 1957: aliyeazima vitabu viwili maktabani muhula huo apate kura, aliyezidi miaka 17 apate kura ya pili, aliye na wadhifa wowote shuleni apate ya tatu, na asiye na sifa hata moja asipige.

Ghasia iliyozuka ilikuwa ya maana. Wavulana walioketi nyuma, ambao hawakuwa na kura hata moja, walihesabu haraka na kugundua kwamba wanafunzi wachache wa safu ya mbele wanaweza kuwashinda wote. Mmoja akasimama na kusema kwamba mguu wa kuchezea ni wake na yeye ndiye atakayekimbia juani, sasa iweje mtu wa maktaba amwamulie? Msichana mwenye kura tatu, kwa upande wake, alisema kwa ukweli wa moyo kwamba aliona haya kuzitumia. Nikawaachia dakika kumi nzima za kubishana kabla ya kuwarudisha kwenye kitabu, na walipokisoma tena kile kifungu kuhusu mtu mmoja kura moja, na jinsi madai hayo yalivyoshikiliwa hadi uchaguzi wa Mei 1963, walikisoma kama watu wanaosoma habari zao wenyewe.

Kuhusu mlolongo wa 1988 sikutaka kuwaeleza mimi. Nilimwalika mzee wa kijiji cha jirani, aliyepata kufanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Ramisi, aje awasimulie. Alikuja amevaa kanzu na kofia, akakataa kiti, akasimama mbele ya darasa kama anayetoa ushahidi. Aliwaeleza kwamba katika mchujo wa chama cha KANU mwaka ule watu waliamriwa wapange foleni nyuma ya mgombea au mtu anayemwakilisha, na aliyevuka asilimia 70 akahesabiwa ameshinda moja kwa moja bila kupigiwa kura ya siri. "Wanangu," aliwaambia, "mimi nilisimama kwenye foleni ambayo sikuitaka. Chifu alikuwa pale, mwajiri wangu alikuwa pale, na mimi nilikuwa na watoto wa kulisha." Akaongeza kwamba hata foleni ilipokuwa ndefu kwa macho ya kila mtu, aliyetangazwa angeweza kuwa mwenye foleni fupi, na palikuwa hapana karatasi ya kuhesabu tena, kwa kuwa watu walishatawanyika kwenda makwao.

Mwanafunzi akamwuliza, kwa adabu, "Babu, na ule wa 1992 ulipopewa karatasi, ulijisikiaje?" Mzee akasema alikawia ndani ya kibanda mpaka karani akamwita, kwa sababu alitaka kwanza kukaa mahali ambapo hakuna anayemwona. Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi. Sisi tulioanza kupiga kura baada ya kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu cha siasa, kuondolewa katika katiba mwaka 1991 tumeizoea siri ya kura kiasi cha kutoiona, na tunapowafundisha watoto tunaitaja kama sifa moja kati ya sifa nyingi za uchaguzi huru. Kwa mzee yule, ile siri ndiyo iliyokuwa uchaguzi wenyewe.

Kwale ina fundisho jingine ambalo sehemu nyingi za nchi hazina. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi hapa kwa vizazi bila kutambuliwa kuwa raia. Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale kwenda Ikulu Nairobi kudai vitambulisho, safari waliyoianza kwa miguu, na mapema mwaka 2017 wakaanza kuvipata na kutambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wengi wao waliweza kujiandikisha na kupiga kura kwa mara ya kwanza Agosti mwaka huo. Julai 2023 ikawa zamu ya Wapemba, ambao nao walikuwa wameishi katika pwani hii kwa miaka mingi wakivua samaki bila kuwa na namba ya kitambulisho. Nilikuwa na mwanafunzi wa Kimakonde katika darasa nililolifundisha mada ya uraia. Alitueleza kwamba baba yake alipopata kitambulisho alikiweka ndani ya mfuko wa nailoni, na kwamba siku ya kura alitoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri ingawa kituo kilikuwa mwendo wa dakika chache. Wenzake waliokuwa wakisema kwamba kura haina maana hawakumjibu kitu, nami sikuwalazimisha. Inatosha kwamba walijua yupo mtu wa umri wa baba zao, wa kijiji wanachokifahamu, aliyetembea barabarani kudai kile wanachotaka kukiacha.

Maswali magumu zaidi niliulizwa baada ya tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilipobatilisha uchaguzi wa urais kwa uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili. Wanafunzi walitaka kujua inawezekanaje mamilioni ya watu wapige kura kisha kazi yao ifutwe. Ningeweza kuwajibu kwa lugha ya sheria, lakini niliwarudisha bwaloni kwetu. Niliwauliza wangesema nini kama tungewapa matokeo ya baraza lao bila fomu za vituo, au kama fomu zingefika zikiwa hazina sahihi za mawakala. Walijibu kwa pamoja kwamba wangekataa. Ndipo tukasoma kwamba mahakama iliangalia jinsi matokeo yalivyosafirishwa na kuthibitishwa, kwa kuwa uchaguzi ni mwenendo mzima unaoanza na sajili na kuishia na tangazo, na hesabu ya mwisho haiwezi kutenganishwa na njia iliyopitiwa. Wapo waliofurahia uamuzi ule na wapo walioukasirikia, kulingana na nyumba walizotoka, na nililiona kuwa jambo jema kwamba wote waliweza kuueleza.

Uchaguzi wa 2022 ulinipa kifaa cha kufundishia ambacho sikuwahi kukiota. Tume iliweka kwenye tovuti yake fomu za matokeo za 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000, kila moja ikiwa picha ya karatasi ile ile iliyojazwa na msimamizi wa kituo. Shule zilipofunguliwa baada ya kura, nilikwenda na darasa langu kwenye chumba cha kompyuta, tukatafuta vituo vya wadi yetu, na kila kikundi kikapewa fomu zake. Waliona mwandiko wa watu, safari nyingine mzuri na safari nyingine wa haraka haraka, namba zilizoandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, muhuri, na sahihi za mawakala. Mvulana mmoja aliitambua sahihi ya mjomba wake, akawaita wenzake wote waje waione. Wakajumlisha kwa kikokotoo, wakalinganisha na jumla ya eneobunge, wakarudia pale walipokosea. Sikutaka wamsifu au wamlaumu yeyote. Nilitaka wajue kwamba namba iliyosomwa Bomas of Kenya, kituo cha taifa cha kujumlisha kura mwaka ule, ilianzia kwenye darasa la shule ya msingi wanayoipita kila asubuhi, na kwamba raia yeyote mwenye subira anaweza kuifuata kutoka huko hadi kule.

Ningependa kuwaambia walimu wenzangu kwamba kazi hii haiishii siku ya matokeo, na pengine sehemu yake ngumu zaidi huja baadaye. Msichana aliyeshindwa urais wa baraza letu kwa kura chache alitaka kujitenga na kila kitu, na wafuasi wake wakaanza kukataa kufuata ratiba ya usafi iliyotolewa na mshindi. Tuliitisha kikao cha wazi ambapo rais mpya alitakiwa kueleza amefanya nini kuhusu ahadi zake, na yule aliyeshindwa akapewa nafasi ya kwanza ya kuuliza. Aliuliza kuhusu matangi ya maji. Rais hakuwa na jibu zuri, bwalo zima likajua hana jibu zuri, na muhula uliofuata ajenda ya maji ilifika mbele ya bodi ya shule. Tangu hapo kikao hicho hufanyika kila muhula, na aliyeshindwa ndiye anayeanza. Utaratibu huu umewafundisha wanafunzi wangu kwamba mtu anaweza kushindwa na bado akawa na kazi, jambo ambalo wakubwa wengi katika siasa zetu hawajalikubali.

Sasa vijana niliowapitisha kwenye ndoo zile wamekuwa watu wazima. Baadhi yao walikuwa barabarani Juni 2024 wakipinga Mswada wa Fedha, na mmoja alinipigia simu baadaye akiuliza ni vipi nchi inaweza kukaa bila makamishna wa uchaguzi, kwa maana Tume ilikuwa haina mwenyekiti wala makamishna tangu Januari 2023, na hali hiyo ikaendelea hadi Julai 2025. Wakati huo wote maeneobunge kama Banissa kule Mandera, ambako mbunge alifariki Machi 2023, yalikaa bila mwakilishi mpaka chaguzi ndogo za Novemba 2025. Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Kilichonifurahisha ni kwamba alikuwa ameliona pengo hilo kuwa ni jambo linalomhusu.

Uchaguzi mkuu ujao utakuwa Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027, na wengi wa wanafunzi wangu wa kidato cha nne watakuwa wametimiza miaka 18 kabla ya siku hiyo. Tumeanza kuandaa orodha mapema: nani ana cheti cha kuzaliwa, nani jina lake halilingani na la mzazi kwenye kitambulisho, nani atahitaji barua ya chifu. Kazi ya vyeti ndiyo inayochelewesha wengi, hasa watoto waliozaliwa nyumbani, na kijana anayeanza kuvitafuta baada ya kutimiza miaka 18 hujikuta akipita ofisi hii hadi ile huku muda wa kujiandikisha ukimwishia. Katika kupitia tarehe za kuzaliwa, tuligundua kwamba mwanafunzi mmoja atatimiza miaka 18 siku mbili tu baada ya uchaguzi. Alikasirika kwelikweli, akauliza kama hakuna kifungu chochote cha kumsaidia, na nilipomwambia hakuna, aliomba apewe orodha hiyo aisimamie yeye. Sasa ndiye anayewafuata wenzake bwenini kuwauliza vyeti vyao viko wapi, na tayari amewapeleka baadhi yao hadi ofisi ya msajili wa vizazi mjini Kwale.